Mafuta Meusi ya Karai Yanunuliwe, Yasiliwe

Mafuta ya kukaangia yanayochakaa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, hayatupwi kwa wingi kama watu wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa huliwa. Kilo moja ya chipsi hutoka kwenye karai ikiwa imebeba takriban gramu 100 hadi 150 za mafuta, kutegemea unene wa vipande, ukali wa moto na muda ambao viazi vimekaa humo. Tuseme kibanda kimoja pale Mutindwa au kando ya Barabara ya Kangundo kinauza kilo 20 kwa siku: kimewapa wateja kilo mbili hadi tatu za mafuta pamoja na viazi vyao. Mwenye kibanda akiona karai limepungua huongeza mafuta mapya juu ya yale ya jana, nayo ya jana yalikuwa yameongezwa juu ya ya juzi. Karai halimwagwi. Ndiyo sababu mtu akienda kutafuta mtungi wa mafuta machafu nyuma ya kibanda huenda asiupate, akarudi akisema kwamba hapa hakuna taka ya kushughulikia. Taka ipo, imepita kwenye sahani.

Mitaa hii ina wakaangaji wa namna mbili. Wapo wenye hoteli za meza na viti, kama zile za Eastleigh zinazokaanga sambusa na samaki, au maduka ya kuku na chipsi ya Barabara ya Jogoo, Buruburu na Donholm. Hao hutumia mashine za umeme au gesi zinazomeza lita nyingi kwa mpigo, na mafuta yakianza kutoka povu na kuharibu rangi ya kuku hulazimika kuyatoa yote na kutia mengine. Kisha wapo wenye vibanda: wakaangaji wa mihogo, mandazi, viazi karai, mgongo wazi (mabaki ya samaki aliyetolewa minofu), vichwa na miguu ya kuku, kuanzia Kariobangi na Huruma hadi Dandora, Korogocho na Kayole. Mafuta yaliyotolewa katika mashine za kundi la kwanza hayafiki jaani kila mara. Hutiwa kwenye mtungi wa lita 20, huuzwa kwa bei ya chini, na miongoni mwa wanunuzi wamo watu wa kundi la pili. Mauzo hayo hayana risiti. Mtungi wenyewe aghalabu ni uleule uliokuja na mafuta mapya, lebo ya kiwanda ikiwa bado imebandikwa ubavuni. Hivyo mafuta hushuka ngazi, na kadiri mfuko wa mlaji unavyokuwa mwepesi ndivyo mafuta yanayomfikia yanavyokuwa yamepikia wengi kabla yake.

Nasisitiza jambo hili mapema kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kuchakata mafuta yaliyotumika huanzia mahali pasipofaa. Huanza na mazingira, mitaro na mito, kana kwamba mafuta haya ni kitu kisicho na mwenyewe kinachosubiri msamaria wa kukiokota. Ukweli ni kwamba yana bei na yana wanunuzi. Mpango wowote wa kuyakusanya utakaoingia Eastlands bila kulitambua soko hilo utapata mabaki ya mabaki, huku mafuta yenyewe yakiendelea na safari yake kutoka jikoni moja hadi jingine. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kwanza ya kuchakata ni kulishinda karai kwa bei. Mkusanyaji anapaswa kumlipa mwenye hoteli zaidi ya anavyolipwa na mkaangaji mwenzake, na anapaswa kumpa mwenye kibanda sababu ya kifedha ya kumwaga mafuta yake kabla hayajawa meusi. Mengine yote, mitaro na mito ikiwemo, yatafuata.

Kwa nini haraka hiyo? Ndani ya karai mambo matatu huenda pamoja. Maji yanayotoka kwenye viazi huvunja mafuta na kuacha asidi huru, nazo hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kutoa moshi. Hewa huyachachisha. Moto wenyewe huunganisha chembe zake hadi yawe mazito na yenye kunata, yakiacha utando wa kahawia kwenye kingo za karai. Wataalamu hupima uchakavu huo kwa kujumlisha misombo mipya iliyozaliwa humo, na nchi kadhaa zimeweka kikomo cha kisheria: Ujerumani asilimia 24, Ufaransa na Uhispania 25, Austria 27. India iliweka asilimia 25 kuanzia Julai 2018. Kupima hakuhitaji maabara siku hizi. Kuna kifaa cha mkononi ambacho huchovywa kwenye mafuta ya moto na kutoa jibu kwa muda usiozidi dakika moja, na afisa wa afya wa wadi anaweza kutembea nacho mfukoni.

Wapo watakaosema moto huua viini vyote, kwa hiyo mafuta yanayochemka hayawezi kumdhuru mtu. Ni kweli kuhusu viini. Lakini madhara ya mafuta yaliyochakaa hayatokani na viini; yanatokana na misombo iliyoyeyuka ndani ya mafuta, na kila saa ya moto huiongeza. Kuchuja kwa kitambaa huondoa makombo, wala hakuiondoi misombo hiyo. Kutia kitunguu au kipande cha kiazi kibichi hupunguza harufu kwa muda tu. Majaribio ya maabara kwa wanyama waliolishwa mafuta yaliyopashwa moto mara nyingi yameonyesha shinikizo la damu likipanda na mishipa ikidhurika. Katika jiji ambalo shinikizo la damu na kisukari vimekuwa maradhi ya watu wa rika zote, chakula cha jioni cha maelfu ya familia hakipaswi kuachwa nje ya mjadala huo.

Tena mtu wa kwanza kuumia ni mpishi mwenyewe. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini iliyouweka moshi wa kukaangia kwa joto kali katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mafuta mapya hutoa moshi kidogo kwenye nyuzi 175 au 180 zinazofaa kukaangia. Mafuta yaliyochoka hufuka kabla ya kufika hapo. Mama anayesimama juu ya karai la chuma na jiko la makaa lisilo na kipimo cha joto, chini ya bati, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa nne usiku, huvuta moshi huo siku sita au saba kwa wiki. Yeyote anayedai kwamba tukizungumzia mafuta machafu tunawapiga vita wachuuzi angemtazama kwanza mama huyo kabla ya kusema neno jingine.

Hapa pana jambo ambalo walaji wengi hawalijui, nalo lina maana kubwa kwa namna ya kupanga ukaguzi. Kibanda chenye foleni ndefu mara nyingi kina mafuta bora kuliko kile kisicho na wateja. Wateja wanapobeba mafuta mengi pamoja na chipsi, mwenye kibanda hulazimika kuongeza mapya kila mara, na uwiano wa mapya kwa ya zamani hubaki mzuri. Viwanda vikubwa vya kukaangia hutegemea kanuni hiyohiyo. Kibanda kinachouza kidogo ndicho chenye mafuta yaliyokaa motoni saa nyingi bila kupungua, na ndicho kisichoweza kumudu kuyamwaga. Kwa hiyo faini huwaangukia wale wasio na kitu. Ninayaeleza haya kwa sababu yanavunja imani kwamba ukali wa askari wa kanjo ungemaliza jambo hili kwa wiki moja.

Kenya imeshawahi kuona mkaangaji asiyemudu mafuta mapya anaweza kufika wapi. Kwa miaka kadhaa, na hasa mnamo 2014, vyombo vya habari vya hapa nyumbani na vya nje viliripoti kwamba mafuta yaliyoibwa kwenye transfoma za kampuni ya umeme ya Kenya Power yalikuwa yakiuzwa kwa wakaangaji wa kando ya barabara. Mafuta ya transfoma hutokana na mafuta ghafi, huvumilia joto kwa muda mrefu na hayachakai upesi kama ya mimea, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake machoni pa mnunuzi. Transfoma za zamani huweza pia kuwa na PCB, kemikali zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu hukaa mwilini kwa miaka mingi na kudhuru. Adhabu kwa waharibifu wa transfoma zikaongezwa, walinzi wakawekwa, transfoma zikapandishwa juu ya nguzo. Lakini lililomfikisha mtu hapo lilikuwa bei ya mafuta ya kupikia na uwezo wake mdogo wa kuyanunua. Sheria ilimlenga mwizi, na hali iliyomzalishia mwizi mteja ikabaki ilivyokuwa.

Bei hiyo haipangwi hapa. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, hasa ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 mafuta ya alizeti yalipungua duniani, na Indonesia ilipofunga uuzaji wa mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei mwaka huo, mtungi wa lita 20 ulipanda bei mpaka wachuuzi wengine wakaacha kukaanga. Waliobaki walipunguza chipsi kwenye karatasi au wakayatumia mafuta kwa muda mrefu zaidi. Familia nyingi za Eastlands hununua mafuta ya kupima dukani, kikombe kimoja kimoja, na mfanyabiashara asiye mwaminifu akichanganya mafuta ya zamani yaliyochujwa na mapya ndani ya pipa la kupimia, mnunuzi hana njia ya kujua. Kila bei inapopanda, kishawishi hicho hupanda nayo.

Yale yasiyoliwa huingia mtaroni. Mabomba ya majitaka ya Kaloleni na Jericho yalitandazwa kwa ajili ya nyumba fupi zenye watu wachache; ya Umoja na Buruburu yaliwekwa miaka ya 1970, kabla vyumba vya ghorofa havijajazana juu ya viwanja vilivyokusudiwa familia moja moja. Mafuta ya mawese huganda kwa urahisi katika baridi ya Juni na Julai, na yakiganda ndani ya bomba hushika nywele, plastiki na makapi mengine mpaka njia inaziba. London yenye mabomba makubwa na bajeti nono iligundua mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, bonge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na ilichukua wiki kadhaa kulivunja. Sisi hatuna mashine za kutosha wala wiki za kusubiri. Majitaka mengi ya Nairobi huelekea kwenye mabwawa ya kusafishia ya Ruai, ambayo hutegemea hewa na bakteria, na utando wa mafuta juu ya maji huvinyima vijidudu hivyo hewa. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitambua hatari hiyo: ziliruhusu miligramu 10 za mafuta kwa lita moja ya majitaka yanayoingia kwenye mfumo wa jiji, na 5 tu pale usafishaji unapofanywa kwa mabwawa. Bomba likipasuka au kuziba, maji humwagika kwenye mto Nairobi, Mathare au Ngong, ambayo yote huishia Athi na hatimaye bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Sasa tuje kwenye utunzaji, kwa sababu hapo ndipo thamani ya mafuta huokolewa au hupotea. Mafuta yanayopumzishwa usiku yafunikwe, maana mwanga na hewa huendelea kuyaharibu hata moto ukiwa umezimwa. Yachujwe yakiwa yamepoa kiasi cha kutounguza mkono, ili makombo ya unga na viazi yasibaki chini na kuungua kesho yake. Chumvi itiwe kwenye chipsi zikiwa zimeshatolewa, kamwe isinyunyizwe juu ya karai. Yakifika mwisho wake, yawekwe kwenye mtungi mkavu wenye kifuniko, mbali na jiko na jua. Mtungi uliowahi kuwa na dawa ya mimea au mafuta ya gari haufai hata ukioshwa mara kumi, kwani tone la oili ya injini linatosha kumfanya mnunuzi aukatae mzigo mzima. Maji nayo ni adui: mafuta yaliyochanganyika na maji huchacha haraka na hulipiwa kidogo. Vitambaa vilivyolowa mafuta visirundikwe pembeni mwa jikoni, maana aina fulani za mafuta huzalisha joto zenyewe zinapokauka kwenye kitambaa na huweza kuwaka bila kiberiti. Na lebo ya kiwanda ing'olewe. Mtungi wa mafuta machafu uwe na rangi yake, maandishi makubwa ubavuni, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Haya hayagharimu chochote cha maana, na yanaweza kuanza leo.

Mtungi huo ukishajaa unaweza kuwa vitu vitatu. Cha kwanza ni sabuni ya kufulia na kuoshea sakafu: kilo moja ya mafuta ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za kostiki soda, maji na uangalifu, kwa sababu kostiki huunguza ngozi na macho. Kikundi cha wanawake au vijana chenye glavu, mizani na mahali penye hewa kinaweza kuifanya. Cha pili ni bayodizeli. Mafuta huchanganywa na methanoli na kichocheo, yakatoa dizeli ya kutumika kwenye malori na jenereta pamoja na gliserini. Lita moja ya mafuta safi yaliyotumika huzaa karibu lita 0.9. Methanoli ni sumu na hushika moto upesi, kwa hiyo kazi hii iachiwe viwanda vyenye leseni, na anayeihubiri kama mradi wa uani anawahatarisha watu. Cha tatu ni mafuta ya ndege, na hicho ndicho kilichobadilisha hesabu.

Tarehe 25 Mei 2023 ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787 iliruka kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta kwenda Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta endelevu yaliyotolewa na kampuni ya Eni ya Italia, ambayo miongoni mwa malighafi zake ni mafuta ya kupikia yaliyotumika. Uwanja huo uko Embakasi. Abiria walipaa juu ya mitaa ileile ambayo mafuta kama hayo yalikuwa yakitiwa tena kwenye karai. Eni imejenga kituo cha kukamulia mbegu Makueni, na imeanza pia kukusanya mafuta yaliyotumika katika hoteli na migahawa ya Nairobi. Umoja wa Ulaya umeshaamua kwamba asilimia 2 ya mafuta yanayojazwa kwenye ndege katika viwanja vyake kuanzia mwaka 2025 iwe endelevu, na 6 ifikapo 2030. Wanunuzi wataendelea kuja. Swali ni kama watakuja kwa hoteli za Westlands na Upper Hill peke yake, ambako mitungi ni mingi na barabara ni nzuri, au watafika Kariobangi Kusini.

Kuna sifa moja ya soko hili inayonipa matumaini kuliko hotuba yoyote ya usafi. Kiwanda hakilipi bei moja kwa mafuta yote. Hupima maji na asidi huru, na mafuta yenye asidi nyingi hulipiwa kidogo kwa sababu hugeuka sabuni ndani ya mtambo badala ya kuwa dizeli. Maana yake ni kwamba mafuta yaliyokaangiwa siku tatu yana thamani kuliko yaliyokaangiwa siku kumi. Kwa mara ya kwanza, pesa na afya ya mlaji zinamvuta mpishi upande mmoja: kila siku anayochelewa kubadilisha, mtungi wake unapoteza bei. Bei hizo zingebandikwa ukutani katika kila soko, kwa madaraja yanayoeleweka, zingefanya kazi ambayo semina za hamasa zimeshindwa kuifanya.

Pingamizi lililo zito ni la umaskini. Mwenye kibanda anayepata faida ya shilingi mia chache kwa siku atamwagaje lita tano za mafuta? Nakubali kwamba hawezi, na sitamlaumu. Kwa hiyo asiambiwe amwage, apewe kubadilishana. Msambazaji anayeleta mitungi ya mafuta mapya madukani, kwa pikapiki, tuktuk au mkokoteni, hurudi bila mzigo. Safari hiyo ya kurudi imeshalipiwa. Akiipokea mitungi ya machafu na kumkatia mwenye kibanda sehemu ya bei ya mapya papo hapo, gharama ya kukusanya, ambayo ndiyo huua miradi ya namna hii katika mitaa ya vibanda vidogo vidogo, inapungua sana. Vikundi vya vijana vinavyobeba taka za nyumba hadi nyumba kuanzia Umoja hadi Dandora vinajua kila kichochoro na kila kibanda. Hivyo ndivyo vingekuwa vituo vya kukusanyia, kwa malipo ya kila lita, wala visigeuzwe watumishi wa kampuni inayoondoka na mali.

Pingamizi jingine ni la udanganyifu, na lina ushahidi. Palipo na bei nzuri ya mafuta machafu, wapo watakaouza mafuta mapya kama machafu. Ulaya ilianza kupambana na suala hilo zamani, na uchunguzi wa mwaka 2019 nchini Uholanzi ulihusu kampuni iliyoshukiwa kuuza bayodizeli kwa vyeti visivyo vya kweli. Kwetu hatari kubwa ni ya upande wa pili: machafu kusafishwa rangi na kurudishwa dukani kama mapya. Dawa yake tunayo tayari katika sekta nyingine. Mafuta ya taa yalipokuwa yakichanganywa na dizeli, serikali ilipandisha ushuru wake mnamo Septemba 2018, na mamlaka ya nishati, EPRA, huweka alama ya kemikali kwenye mafuta ya petroli ili wachakachuaji wagundulike. Hatua hiyohiyo inawezekana hapa. Mkusanyaji aliyeidhinishwa atie rangi isiyotoka kwenye mtungi pale pale jikoni anapoupokea. Mafuta yaliyotiwa rangi bado huwa dizeli au sabuni, lakini hakuna atakayeweza kuyauza kwa kikombe Kayole.

Wapo pia wanaouliza kwa nini mafuta ya Eastlands yaendeshe ndege za Ulaya. Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba mlango wa kwanza wa kutokea uwe wa hapa. Malori na mabasi ya jiji yanatumia dizeli, shule na hospitali zina jenereta, na sabuni inahitajika kila nyumba. Kaunti inaweza kununua bayodizeli kwa magari yake ya taka na kuzipa soko kampuni za hapa zinazoitengeneza. Lakini nisingependa uzalendo utumike kama sababu ya kusubiri. Kati ya mafuta kwenda Italia na mafuta kubaki kwenye mgongo wazi wa mtoto wa Korogocho, chaguo haliko mbali.

Kuhusu sheria, Katiba ya 2010 imeipa kaunti, katika Jedwali la Nne, kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya chakula cha ubora unaokubalika. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe na zirudi kuwa mali. Hakuna haja ya muswada mpya. Linalohitajika ni sharti moja kwenye leseni ya kila mwaka: hoteli yenye mashine ya kukaangia ionyeshe stakabadhi za mkusanyaji aliyeidhinishwa, na lita ilizotoa zilingane kwa kiasi cha haki na lita ilizonunua. India ilianza na wakubwa, wale wanaotumia zaidi ya lita 50 kwa siku, ambao tangu Machi 2019 walitakiwa kutunza kumbukumbu za mafuta yao, huku mpango wa taifa wa kuyageuza kuwa bayodizeli ukiwa umezinduliwa Agosti 2018. China ilikamata watu 32 katika msako mmoja wa mwaka 2011 dhidi ya mafuta yaliyochotwa kwenye mitaro na migahawa na kuuzwa tena kama chakula, na misako ikaendelea. Leo nchi hiyo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani wa mafuta yaliyotumika kwa viwanda vya nishati. Msako ulitisha, mnunuzi mwenye bei nzuri ndiye aliyewapa watu njia nyingine ya kuyauza.

Nairobi nayo ianze na wakubwa: ukiifunga njia kutoka mashine ya hoteli hadi karai la kibanda, umeondoa mafuta mabaya kuliko yote bila kumgusa mchuuzi hata mmoja. Vibanda vifuate kwa kubadilishana, na faini ije mwisho kabisa, kwa anayeuza mtungi usio na rangi. Mabunge ya kaunti hupitisha masharti ya ada na leseni kila mwaka wa fedha. Wawakilishi wa wadi za Embakasi, Makadara, Kamukunji, Mathare na Kasarani wanaweza kuliingiza sharti hili katika mzunguko ujao. Nanyi wenye hoteli, kabla sheria haijawafikia, muulizeni anayenunua mitungi yenu anaipeleka wapi. Akishindwa kujibu, msimuuzie.